Kosa la Mvuvi na Kalamu ya Msafiri

Liko katika lugha yetu neno moja ambalo wanafunzi wa fasihi hulipita kila siku bila kulitazama usoni, nalo ni neno kukosa. Mtu aliyekosa chakula hakukipata. Aliyekosa njia amepotea. Aliyemkosa mwenziwe nyumbani hakumkuta. Na aliyekosa mbele ya wazee ametenda lisilofaa, hana budi kuomba radhi. Upungufu, upotevu na hatia, vyote vitatu vimepakiwa katika chombo kimoja. Mvuvi arudipo ufukoni asubuhi na mtumbwi mtupu akasema, "Leo nimekosa," msikilizaji hawezi kujua mara moja kama asikia habari ya samaki wasiokuja au maungamo ya mtu aliyeiharibu kazi yake. Yote mawili yawezekana, na pengine msemaji mwenyewe hajayapambanua.

Nia ya makala haya ni kulipima jambo hilo kwa mizani ya uhakiki. Nauliza: masimulizi ya kosa ni masimulizi ya namna gani? Yana sanaa gani, nayo yatofautianaje na masimulizi ya ushindi, ambayo ndiyo yaliyojaa katika vitabu vyetu vya safari? Nitatazama mifano miwili iliyo katika njia moja. Wa kwanza haukuandikwa popote: ni mazungumzo ya wavuvi wa mshipi wa Ujiji, niliyoyasikia nilipokuwa mwanafunzi wao, tena mwanafunzi mzito. Wa pili umeandikwa na kuchapishwa: ni Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye wengi wamjua kwa jina la Tippu Tip.

Njia yenyewe ni ile ya misafara, iliyotoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo, ikafika Tabora katika Unyanyembe, kisha ikashika magharibi kwa Uvinza penye chumvi hata Ujiji, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Burton na Speke waliifuata. Walifika Tabora, waliyoiita Kazeh, mwezi wa Novemba 1857, na Ujiji mwezi wa Februari 1858. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na mabega ya wapagazi wa Kinyamwezi yakapumzika. Lakini Tabora haikuacha kuwa kituo. Dagaa waliokaushwa juani Ujiji na Kigoma huletwa kuuzwa sokoni kwetu, na pamoja na dagaa huja maneno. Mimi nilikuwa nikifundisha Tabora, nami nilipata hamu ya kwenda ziwani kwa sababu ya muuza dagaa mmoja, ambaye kila alipopata hasara hakusema "bahati mbaya" kama wauzaji wenziwe, bali alinisimulia hatua kwa hatua pale alipokosea. Nilimwuliza amejifunza wapi kusema hivyo. Akanijibu, "Baba yangu ni mvuvi wa mshipi."

Hapa sina budi kueleza kidogo uvuvi wenyewe, maana asiyejua kazi hawezi kuhukumu maneno ya kazi. Katika maziwa ya baridi ya Ulaya ya kaskazini yuko samaki aitwaye char, wa jamaa moja na salmoni, na wako watu wamvuao kwa ndoana isiyo na chambo, iliyofungwa manyoya na nyuzi ili ionekane kama mdudu. Habari hizo nilikuwa nimezisoma vitabuni, nikazipenda, nikajifungia ndoana chache za namna hiyo. Nilipanda gari la moshi kwenda Kigoma nikijiona kuwa nawapelekea wavuvi wa Ujiji jambo jipya. Hilo lilikuwa kosa langu la kwanza, na nililijua kabla sijaingia mtumbwini. Yule mzee, ambaye jirani zake wote walimwita Babu, alizitazama ndoana zangu kwa adabu, kisha akaingia ndani akatoka na mshipi wake. Ulikuwa na ndoana nyingi zilizofuatana, na kila moja imefungwa unyoya wa kuku mweupe.

"Shikamoo, Babu," nilikuwa nimemwamkia, naye alikuwa ameitikia marahaba. Sasa akaniuliza: "Mwalimu, unyoya wako huu wamwigiza nani?"

Nikamjibu kwamba wamwigiza nzi aelea­ye juu ya maji.

"Wangu wamwigiza dagaa," akasema. "Mgebuka hatafuti nzi. Twende."

Kwa msomaji asiyelijua ziwa lile niongeze haya. Kina chake ni kama mita 1,470, na katika maziwa yote ya dunia ni Baikal tu ipitayo hapo. Lakini samaki hawakai katika kina chote, kwa kuwa chini sana hamna hewa ya kupumua, nao huishi katika tabaka la juu. Dagaa hupanda karibu na uso wa maji usiku kutafuta chakula, na kukipambazuka hushuka. Mgebuka huwala dagaa, kwa hiyo huwafuata wapandapo na washukapo. Wavuvi wa taa hutumia tabia hiyo: giza la mwezi likiingia, huwasha karabai na kuwavuta dagaa kwa mwanga. Mvuvi wa mshipi hana mwanga wala wavu. Ana unyoya mweupe, mkono wake, na anayoyajua juu ya saa na kina. Akikosea moja katika hayo, ziwa halimwambii.

Nilikosea yote. Siku ya kwanza niliuacha unyoya utulie, kama vitabu vilivyonifunza juu ya mdudu aliyeanguka majini, kumbe dagaa aliye hai hatulii, na mshipi wataka kupandishwa na kushushwa pasipo kuchoka. Siku ya pili niliupata mwendo, nikaanza kupata samaki kabla ya alfajiri; jua lilipochomoza nikaendelea kuvua kwa kina kile kile kilichonipa samaki usiku, nikakaa saa mbili bila hata kudonewa. Babu, aliyekaa nyuma ya mtumbwi, aliongeza pima kadhaa za mshipi, akaendelea kuvuta samaki, naye hakusema neno. Baadaye nilimlaumu kwa ukimya wake. Akanijibu kwamba alikuwa akingoja niulize.

Siku ya tatu ndiyo iliyozaa makala haya. Samaki mkubwa, ambaye kwa uzito wake nadhani alikuwa sangala wala si mgebuka, alishika ndoana yangu ya chini, akaenda nayo. Mshipi ukakatika. Tuliporudi ufukoni wavuvi wengine walitaka habari, nami nikawasimulia. Nilisema, "Mshipi ulikatika." Babu akatikisa kichwa. "Simulia tena," akasema.

Nikasimulia mara ya pili. Safari hii nilisema kwamba samaki alikuwa mkubwa kupita kiasi na mshipi ulikuwa mbovu. Vijana wakacheka, kwa sababu mshipi ulikuwa wa Babu, na asubuhi ile ile Babu aliutumia bila kukatikiwa. "Simulia tena," akasema. "Rudi pale."

Nikarudi pale. Nikakumbuka kwamba maji yalikuwa yameingia mtumbwini, nami nilitaka kuyachota kwa mikono miwili. Kwa hiyo niliufunga mshipi katika ubao wa kukalia. Kabla ya kuufunga nilikuwa nimesikia mdonoo mmoja mzito, tofauti na midonoo ya migebuka, nikaupuuza. Samaki alipovuta, hapakuwa na mkono wa kumlegezea. Nikasema mbele yao wote, "Nilidonewa, nikapuuza. Niliufunga mshipi kwenye ubao. Nimeukata mshipi wa Babu."

"Sasa umesema," akajibu. Kisha akaongeza maneno ambayo nimeyafikiri tangu siku ile: "Ukija kesho na kamba nene badala ya mshipi, utakuwa umejifunza nguvu za samaki. Hukujifunza kosa lako."

Sasa na tuyatazame masimulizi hayo matatu kama wahakiki. Tukio ni lile lile, msimulizi ni yule yule. Kilichobadilika ni sarufi, na sarufi ilipobadilika ukweli ukabadilika nao. Wanafunzi wa lugha walijua vyema umbo la kitenzi lenye kiambishi -ik- au -ek-: kukatika, kuvunjika, kumwagika, kuharibika. Umbo hili laeleza hali ya kitu bila kumtaja mtenda. Si sawa na umbo la kutendwa, maana asemaye "mshipi ulikatwa" huacha mlango wazi wa kuulizwa "na nani?", bali asemaye "mshipi ulikatika" ameufunga mlango huo, na kuuliza "na nani?" ni kuvunja lugha. Ni umbo zuri, lenye adabu; twalitumia kila siku ili tusiwaaibishe wenzetu. Mtoto akidondosha chungu cha mgeni, mama husema kimevunjika. Lakini adabu hiyo hiyo, msimulizi akijitumilia mwenyewe, huwa maficho. Katika masimulizi yangu ya kwanza mimi sikuwamo. Katika ya pili nilikuwamo kama mdhulumiwa wa samaki na wa mshipi. Katika ya tatu tu ndipo nilipokuwa mtenda, na hapo ndipo habari ilipoanza kuwa na mafunzo kwa vijana waliokuwa wakisikiliza.

Nilikaa Ujiji siku nyingi zaidi, nikasikiliza masimulizi mengine ya namna hiyo kutoka kwa wenye ujuzi kuliko mimi, nikaona kwamba yana umbo lake, kama utenzi ulivyo na umbo lake. Kwanza, msimulizi hurudi mahali pa kosa. Haanzi na hasara wala hamalizi na hasara, bali huizunguka hata apate saa na nafasi ambapo jambo lingeweza kuwa jingine. Pili, hutaja ishara iliyokuwapo nayo haikuonwa au haikuheshimiwa: upepo uliogeuka, rangi ya maji, mdonoo mzito. Ishara hiyo ndiyo kiini cha masimulizi, kwa kuwa ndicho kitu pekee ambacho msikilizaji aweza kukichukua kwenda nacho ziwani kesho. Tatu, hugawa lawama kwa haki. Yako mambo ya ziwa na yako mambo ya mvuvi. Wakati wa kusi, miezi ya Mei hata Septemba, upepo waweza kuvuruga maji hata bingwa arudi mtupu, na bingwa huyo akijilaumu atakuwa mwongo sawasawa na mimi niliyeulaumu mshipi. Kwa hiyo sisemi kwamba kila "ulikatika" ni maficho. Mishipi mingine hukatika kweli. Kazi ya msimulizi, na kazi ya mhakiki baada yake, ni kupambanua.

Yafaa tuulize kama hekima yetu ya methali yatosha hapa. Twasema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Twasema pia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Ya pili hutia moyo, na moyo ni kitu kikubwa kwa aliyepoteza. Lakini haimwambii mhunzi kwa nini koleo lilivunjika, wala haidai kumwambia. Ya kwanza yaonekana kuwa sheria ya kujifunza, na walimu twaipenda mno. Tumeiandika ubaoni mara nyingi. Nikiipima kwa mizani ya ziwa, naona pengo moja. Inadhani kwamba kosa likija mara ya pili litakuwa na sura ile ile, tutalitambua. Ziwani si hivyo. Mtu aliyekosa kwa kuvuta mapema siku ya utulivu hukosa kwa kulegeza mno siku ya mawimbi, akadhani ni makosa mawili, kumbe ni moja: hakuusikiliza mkono wake. Methali yatuamuru tusirudie. Masimulizi yatufundisha jinsi ya kulitambua kosa lililobadili nguo. Basi methali haikukosea, ila imekuja mwisho wa somo, na sisi walimu tumeifanya kuwa somo zima.

Watu wengine nao waliona kwamba uvuvi wafaa kwa fasihi. Mwaka 1653 Izaak Walton alitoa London kitabu chake cha uvuvi, The Compleat Angler, ambacho hakijaacha kusomwa hata leo. Alikitunga kwa njia ya mazungumzo, na katika chapa ile ya kwanza wazungumzaji wakuu walikuwa wawili: Mvuvi na Msafiri. Wamekutana njiani, na Msafiri akageuka mwanafunzi. Ndani yake mwanafunzi hukatikiwa mshipi na samaki mkubwa, na mwalimu humwonyesha alivyokosea. Ni kitabu cha upole na cha raha, nami sina neno nacho, isipokuwa hili moja: humo mwenye kukosa ni mwanafunzi, na mwalimu amekwisha kujua. Ujiji niliona kinyume. Wenye kusimulia makosa yao kwa urefu walikuwa mabingwa. Wanagenzi, nami wa kwanza, ndio waliosema "ulikatika". Kuweza kulisimulia kosa lako kwa ukamilifu ilikuwa alama ya kuhitimu.

Mvuvi na Msafiri: majina hayo mawili yatupeleka kwa msafiri wetu mwenyewe. Maisha ya Hamed bin Muhammed ni miongoni mwa vitabu vya kwanza vya Kiswahili ambamo mtu aeleza maisha yake kwa kalamu yake. Aliyaandika Unguja uzeeni mwake, kwa herufi za Kiarabu, kwa kuombwa na Heinrich Brode, ambaye aliyatia katika herufi za Kirumi na kuyachapisha Ujerumani pamoja na tafsiri ya Kijerumani mwaka 1902 na 1903. Mwandishi alifariki mwaka 1905. Katika mwaka 1958 na 1959 Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilitoa maandishi hayo tena pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya W. H. Whiteley, na hapo ndipo wanafunzi wetu walipoyapata kwa urahisi. Tabora imo tangu mwanzo wa habari, kwa kuwa babaye Hamed alikuwa na makao huko, na alioa katika ukoo wa Mtemi Fundikira.

Sifa za kitabu hiki ni nyingi. Lugha yake ni ya mtu ajuaye thamani ya muda na ya mali, hakipambi, hakisiti. Mwandishi ana jicho. Katika safari yake ya ujanani ng'ambo ya ziwa, wenziwe walipoyakimbilia meno makubwa ya tembo, yeye alinunua madogo ambayo hawakuyataka, akapata faida. Huo ni mfano safi wa kujifunza kwa kosa la wengine, na ameusimulia kwa maneno machache yanayotosha. Tena ana uwazi wa ajabu katika kueleza hila zake. Alipofika Utetera alijifanya kuwa mjukuu wa nasaba ya Kasongo Rushie, kwa kuitumia habari aliyoisikia ya mwanamke wa ukoo ule aliyechukuliwa zamani vitani. Mzee akamwamini, akamwachia utawala. Mwandishi hafichi kwamba nasaba hiyo ni ya kutunga. Atuonyesha unyoya, uzi na ndoana. Nilipousoma ukurasa huo baada ya kurudi Ujiji nilistaajabia ufundi wake, kisha nikaogopa, kwa sababu aliyeshikwa na ndoana ile hakuwa samaki.

Lakini yuatafutwa hapa si hila, yatafutwa kosa. Na hapo ndipo kitabu kinapokuwa kimya. Lichukueni tukio moja. Katika moja ya safari zake za awali kutoka mrima, wapagazi wa Kizaramo walimtoroka, wakaiacha mizigo. Kwa kiongozi wa msafara hapana mkosi mkubwa kuliko huo. Mwandishi atueleza aliyoyafanya: alirudi vijijini mwao, akakamata watu, akawatia minyororo, akasafiri nao, na kwa ajili hiyo akapewa jina la Kingugwa Chui. Masimulizi yake ni ya haraka na yana nguvu, na jina lile huja mwishoni kama nishani.

Tuyapime kwa mizani ya Babu. Je, msimulizi amerudi mahali pa kosa? Hakurudi, amerudi vijijini, ambako ni jambo jingine. Je, ametaja ishara? Watu wengi hawatoroki usiku mmoja bila kunong'onezana siku nyingi. Palikuwa na mdonoo mzito, lakini hatusikii habari zake. Kama walikimbia kwa hofu ya njia, kwa ujira, kwa njaa au kwa ugonjwa, ukurasa haujishughulishi. Je, amegawa lawama? Lawama yote imewekwa upande mmoja, tena imeadhibiwa upande huo huo. Tunaposoma twaona kwamba amejifunza jambo, maana hakuwa mtu wa kurudia hasara; na alilojifunza ni mnyororo. Aliukatikiwa mshipi, akaja kesho yake na kamba nene.

Siyasemi haya ili nimhukumu marehemu kwa sheria za siku zetu, kazi hiyo ni ya wanahistoria nao wameifanya. Nasema juu ya nathari. Yawezekana kabisa mtu kujibu kwamba kitabu cha mfanyabiashara ni hesabu, na hesabu haina nafasi ya majuto. Au kwamba mzee aliyeombwa na mgeni kueleza maisha yake hawezi kutazamiwa kujianika. Majibu hayo yana uzito. Hata hivyo hayaondoi matokeo. Kwa kuwa mwandishi ndiye mtenda katika kila ushindi, na hasara huja zenyewe au huletwa na wengine, msomaji hufika mwisho akimjua sana Hamed bin Muhammed, na asiijue njia. Wale wapagazi, ambao ndio waliolipa gharama ya kila kosa la kiongozi kwa mabega yao na kwa miguu yao, hawana sauti, kwa sababu sauti yao ingeanzia pale pale ambapo masimulizi yamekataa kurudi. Masimulizi ya kosa huwaingiza watu wengine katika habari, kwa kuwa kosa huwa na aliyeumizwa. Masimulizi ya ushindi yaweza kukaa na mtu mmoja.

Wala jambo hili si la kale tu. Mwaka 2024, tangu tarehe 15 Mei hata 15 Agosti, uvuvi ulisimamishwa katika Ziwa Tanganyika ili samaki wapate kuzaliana, kwa makubaliano ya nchi nne zilizolizunguka: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Katika mazungumzo ya siku zile neno lililosikika zaidi lilikuwa "samaki wamepungua". Tazameni kitenzi. Wamepungua, kama mwezi upunguavyo, bila mpunguzaji. Mwenye mizani ya Babu hatasema upesi kwamba neno hilo ni la uongo. Mwaka 2003 wataalamu walichapisha matokeo ya uchunguzi, wakaonyesha kwamba maji ya juu ya ziwa yamepata joto katika karne ya ishirini, na joto hilo lapunguza mchanganyiko wa maji uletao chakula kutoka chini. Hilo ni fungu ambalo si la mvuvi. Lakini nyavu zenye matundu madogo zimetandwa na mikono ya watu, na vifaranga wa mgebuka wameuzwa kwa kipimo pamoja na dagaa. Hilo ni fungu la watu, na kitenzi chake ni "tumewapunguza". Mtu asiyeweza kuzisema sentensi zote mbili, kila moja mahali pake, ataishi ama kwa kujitesa bure ama kwa kulilaumu ziwa, na miezi mitatu ya kungoja haitamfunza neno.

Basi nina maombi mawili kwa wanafunzi wenzangu. La kwanza ni la ukusanyaji. Tumekusanya tenzi, methali, vitendawili na ngano, nasi twafanya vyema. Tuandike pia masimulizi ya kazi: ya wavuvi wa Ujiji, ya warina asali wa misitu ya Tabora, ya wapika chumvi wa Uvinza, na hasa masimulizi ya siku walizokosa. Tusiyasafishe. Msimulizi akisema mara tatu, tuandike mara zote tatu, kwa sababu sanaa imo katika safari ya kutoka "ulikatika" hata "nimeukata". La pili ni la usomaji. Tusomapo kitabu cha safari au cha maisha, tusitosheke kuuliza mwandishi ametenda nini. Tuulize ni wapi vitenzi vyake vimepoteza mtenda, kisha tutazame nani alikuwa amesimama karibu na pahali hapo.

Niliporudi Tabora nilimkuta muuza dagaa wangu sokoni, nikamletea salamu za babaye. Akaniuliza kama nimepata samaki. Nikamwambia nimekosa. Akaweka kibaba chini, akanitazama, akasema, "Haya, Mwalimu. Simulia."